Gari la Zamani Linalia Wapi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Sauti za Giaboksi, Shafti na Difu

Maswali haya mimi kama fundi naulizwa karibu kila wiki, na madereva wa hapa Kampala na wanaoshuka kutoka Arua, Gulu, Kasese na Kabale. Mara nyingi tunaelewana kwa Kiswahili, na sauti ya gari ni jambo gumu kulieleza hata kwa lugha ya mama. Magari yenyewe mnayajua: Corona, Premio, Ipsum, Noah, RAV4 za mwanzo, Forester, Hiace, Hilux, Prado. Mwaka 2018 sheria ya Uganda ilipiga marufuku kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa, lakini yaliyoingia kabla ya hapo bado yapo barabarani, na mengi yana sauti ambayo mwenyewe amekwisha kuizoea.

Ninaomba jambo moja tu: usinunue spea kabla hujajua sauti inafuata nini. Nimeona watu wengi mno wakimaliza akiba yao kwenye giaboksi ya mtumba, na sauti ikabaki pale pale.

## Kabla ya kufungua bolti yoyote

Kama si injini, sauti inaweza kutoka wapi?

Gari la kuvuta mbele, kama Premio ya kawaida, hupitisha nguvu kwenye klachi (otomatiki ina konvata mahali pa klachi), kisha giaboksi ambayo difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu ya kushoto na kulia) imo ndani yake, kisha shafti mbili fupi. Kila shafti ina sivi jointi (viungo vinavyoiruhusu kujipinda) mbili, ya ndani karibu na giaboksi na ya nje karibu na gurudumu. Mwisho ni beringi ya gurudumu.

Gari la kusukuma nyuma, kama Hiace au Hilux, lina propela, yaani shafti ndefu chini ya sakafu, krosi jointi (viungo vya umbo la msalaba) kwenye ncha zake, mara nyingi na senta beringi katikati, kisha difu ya nyuma na ekseli zake. Kwa hiyo mwenye Premio ya kuvuta mbele akiambiwa "difu ya nyuma imekufa", aombe kuonyeshwa hiyo difu.

Nitajuaje kama sauti inafuata injini au inafuata magurudumu?

Hili ndilo swali mama. Tafuta barabara iliyonyooka isiyo na msongamano, asubuhi mapema kama uko mjini. Funga madirisha, zima redio na feni. Fika mwendo ambao sauti inasikika vizuri, tuseme kilomita 60 au 70 kwa saa, kisha toa gia uweke nyutro na uliache gari litembee lenyewe kwa sekunde chache. Injini iendelee kuwaka. Usizime ufunguo hata kidogo, maana usukani utakuwa mzito, breki zitapoteza msaada wake, na usukani unaweza hata kujifunga.

Sauti ikishuka pamoja na mzunguko wa injini, tafuta kwenye injini, klachi, pampu ya otomatiki au mikanda. Ikiendelea ile ile na kupungua tu kadiri gari linavyopunguza mwendo, tafuta kwenye tairi, beringi, propela au difu. Ikikatika ghafla ulipoachia mafuta, hata kabla ya kuweka nyutro, basi inafuata mzigo: sivi jointi ya ndani, meno ya difu, au mauntingi (raba zinazoshikilia injini na giaboksi).

Rudia mara tatu. Mara ya kwanza sikio hudanganyika kwa sababu ya hofu.

Kisha simama, weka nyutro, vuta breki ya mkono na upandishe mzunguko wa injini hadi pale ulipokuwa barabarani. Sauti ikijitokeza gari likiwa limesimama, magurudumu na propela hawamo kabisa katika kesi hiyo.

Nimweleze fundi nini?

Usimwambie "giaboksi inalia". Hiyo ni hukumu, naye atakwenda moja kwa moja kwenye giaboksi. Mwambie: inaanza mwendo gani, inaisha mwendo gani, ni kona ya upande upi, ni wakati wa kukanyaga mafuta au kuachia, gari likiwa baridi au moto, na ni nini kilifanyiwa kazi karibuni. Hilo la mwisho watu hulificha kwa aibu, lakini ndilo linalofupisha kazi kuliko yote. Iga sauti yenyewe kwa mdomo: tik-tik-tik, ngo!, vuuu. Hakuna fundi mzuri atakayekucheka.

Naweza kumrekodia kwa simu?

Ndiyo, hasa kama uko mbali. Aliyekaa kiti cha nyuma ashike simu karibu na sakafu, kwanza upande wa kushoto kisha kulia, na dereva ataje mwendo kwa sauti. Bila mwendo kutajwa rekodi haimsaidii mtu.

## Sauti za kuvuma na kunguruma

Gari linavuma kuanzia kilomita 50 na linazidi kadiri ninavyokimbia. Ni tairi au ni beringi?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Sauti ya tairi hubadilika barabara inapobadilika. Ukitoka lami mbovu ukaingia lami laini, kama ile ya kulipia ya kwenda Entebbe, inapungua au inageuka. Beringi haijali lami. Inavuma vile vile. Pitisha kiganja juu ya uso wa tairi, mbele kisha nyuma. Ukihisi vilima na mabonde, au meno kama ya msumeno upande mmoja, tairi imelika vibaya kwa sababu ya shokabsoba au alainimenti. Hamisha tairi za mbele ziende nyuma na za nyuma zije mbele, halafu uendeshe tena. Sauti ikihama, umepata jibu bila kununua chochote.

Kwa beringi, yumbisha usukani taratibu kushoto na kulia ukiwa kwenye mwendo wa kuvuma, mahali salama. Ukielekea kushoto, uzito wa gari huegemea magurudumu ya kulia. Kwa hiyo mvumo ukizidi unapoelekea kushoto, anza na beringi ya kulia, na kinyume chake.

Miaka ya nyuma nilishusha giaboksi ya Corona ya mteja nikiwa na uhakika kabisa. Siku mbili za kazi. Tulipoirudisha, mvumo ulikuwa ule ule, na chanzo kilikuwa tairi mbili za nyuma zilizolika mawimbi. Nilimrudishia pesa yake ya ufundi, na tangu siku hiyo sigusi bolti ya giaboksi kabla sijagusa tairi kwa mkono.

Nashuku beringi ya upande mmoja. Nithibitishe vipi?

Inua gurudumu kwa jeki, weka stendi imara, zuia magurudumu mengine kwa mawe. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake.

Shika tairi juu na chini uitikise. Ikicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukiisha, ni beringi. Ukibaki, tazama boli jointi, kiungo cha mviringo kinachoshikilia gurudumu. Baadaye zungusha gurudumu kwa mkono mmoja huku mkono mwingine umeshika springi ya shokabsoba: beringi iliyochakaa huifanya springi itetemeke kama mtu anayesaga mahindi kwa mbali. Njia hii hunasa hata beringi ambayo bado haichezi.

Difu ya nyuma inalia vuuu, lakini si wakati wote. Maana yake nini?

Sikiliza inalia lini. Ikilia unapokanyaga mafuta tu, tazama meno ya krauni na pinioni (gia kubwa ya difu na ndogo inayoizungusha): yamelika, au yalifungwa bila kupimwa. Ikilia unapoachia mafuta kwenye mteremko, mara nyingi beringi ya pinioni imelegea. Ikinguruma mfululizo bila kujali mguu wako, ni beringi. Ikigonga au kusaga kwenye kona pekee, angalia gia ndogo za ndani ya difu.

Lakini kwanza pima oili. Fungua nati ya kujazia iliyo pembeni. Oili inapaswa kufika ukingo wa tundu. Nimekuta difu za Hiace za taksi zikiwa na nusu ya oili kwa sababu sili inavuja na hakuna aliyechungulia. Difu nyingi za nyuma zinataka oili ya daraja la GL-5, kwa kawaida ya unene wa 80W-90. Zile zenye kufunga nusu (LSD), zinazozuia gurudumu moja kuteleza peke yake, zina oili yake maalumu. Ukiweka ya kawaida zitanung'unika kwenye kona.

Ukimwaga oili, tazama sumaku ya nati ya chini. Uji wa kijivu laini ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole si kawaida.

## Sauti za kona na za mzigo

Tik-tik-tik ninapokata kona kali. Ni sivi jointi?

Karibu kila mara, ya nje. Nenda uwanja wazi, kata usukani hadi mwisho, uzunguke polepole huku ukikanyaga mafuta kidogo, kisha upande wa pili. Mara nyingi jointi inayolia ni ile iliyo upande wa nje wa mzunguko: ukizunguka kushoto, ya kulia.

Kabla ya kununua, tazama nati kubwa ya shafti katikati ya gurudumu. Ikilegea, hutoa mlio mmoja unapoondoka, na watu huuchukua kuwa jointi.

Raba ya sivi jointi imepasuka lakini hailii. Nisubiri?

Usisubiri. Ukiona grisi nyeusi imerushwa upande wa ndani wa rimu, bado una nafasi ya kuiokoa kwa raba mpya na grisi ya moli, ile nyeusi ya sivi jointi. Grisi ya beringi si mbadala wake. Kwa vumbi letu, na hasa barabara nyekundu za vijijini, raba iliyopasuka inageuza grisi kuwa msasa. Ikishaanza kulia, grisi mpya haitarudisha chuma kilicholika.

Gari linatetema ninapopanda mlima, nikiachia mafuta linatulia.

Kwenye gari la kuvuta mbele, mshuku wa kwanza ni sivi jointi ya ndani. Wateja wa Kabale na Kapchorwa huligundua mapema kuliko watu wa Kampala, kwa sababu milima yao inadai nguvu kwa muda mrefu. Tofauti na tairi isiyobalansiwa ni hii: tairi hutetema kwenye mwendo wake hata ukiwa umeachia mafuta, na mara nyingi unaihisi kwenye usukani. Jointi ya ndani inahitaji mzigo. Angalia pia mauntingi. Yakilala, pembe ya shafti inabadilika na jointi isiyo na kasoro huonekana mbovu.

## Sauti za kugonga

Nikitoa P kwenda R au D linagonga ngo! mara moja.

Mlio mdogo kwenye gari la umri huo si ajabu. Ukiwa mkubwa, anza na mauntingi: fungua boneti, simama pembeni kabisa na si mbele ya gari, mwenzako akanyage breki barabara na kubadilisha R na D. Injini ikiruka, umepata. Isiporuka, kwenye gari la kusukuma nyuma lala chini injini ikiwa imezimwa na magurudumu yamezuiwa, ushike propela na kuizungusha huku na huku. Krosi jointi nzuri haichezi hata kidogo. Vumbi jekundu la kutu kuzunguka vikombe vyake maana yake grisi ilikauka siku nyingi.

Na tazama mzunguko wa injini gari likiwa limesimama. Ukiwa juu mno, kila otomatiki itagonga inapoingia gia, na huo si ugonjwa wa giaboksi.

Prado yangu hugonga mara moja ninaposimama au ninapoondoka, kama mtu amenigusa kwa nyuma.

Kabla ya kufikiria difu, pampu grisi kwenye propela. Ina sehemu inayoteleza kuingia na kutoka, yenye nipo yake (tundu la kupampia grisi), na ikikauka hunata halafu huachia kwa kishindo. Hilux na propela nyingi za aina hiyo zina tabia hiyo hiyo. Hapo pasijazwe kupita kiasi: pampu chache zinatosha, vinginevyo grisi inazuia mwendo wa kuteleza.

Propela ilishushwa ikarudishwa, sasa gari linatetema.

Huenda haikuwekwa alama. Propela ya vipande viwili, au ile inayoteleza, lazima irudi kama ilivyotoka ili krosi jointi za pande mbili zilingane. Ikihama jino moja, inatetema. Fundi akitaka kushusha propela, mwombe apige alama ya rangi kwanza.

## Klachi na giaboksi ya kawaida

Sauti hutokea gari limesimama, na hubadilika nikikanyaga klachi.

Sauti ikitokea unapokanyaga klachi, ni rilizi beringi (ile inayosukuma klachi iachie). Ikiwapo ukiwa nyutro umeachia klachi, na ikanyamaza ukikanyaga, ni beringi ya shafti ya kuingilia giaboksi. Zote mbili zinahitaji giaboksi ishuke, lakini ya kwanza ni kazi ya klachi tu. Ukishusha, badilisha pleti, presha na rilizi kwa pamoja.

Inalia kwenye gia moja tu, au gia zote isipokuwa ya nne.

Gia moja tu: meno au beringi ya gia hiyo. Kwenye giaboksi za magari ya kusukuma nyuma, gia ya nne mara nyingi hupita moja kwa moja bila kubeba shafti ya chini. Kwa hiyo kelele ikiwa kwenye gia nyingine zote na ikatulia kwenye ya nne, tazama beringi za shafti ya chini.

Rivasi inasaga krrr.

Kanyaga klachi hadi mwisho, hesabu hadi tatu, ndipo uweke. Rivasi nyingi hazina kifaa cha kulinganisha mwendo. Ikisaga hata baada ya kusubiri, klachi haiachii vizuri.

Oili nayo ina neno hapa: ile ya difu isiwekwe ovyo kwenye giaboksi ya kawaida. Giaboksi nyingi za zamani zinataka GL-4, na viungo vya GL-5 vinaweza kula shaba ya ndani.

## Otomatiki

Inapiga mluzi unaopanda na kushuka na injini, hata kwenye P.

Hiyo ni pampu ya otomatiki inayotafuta mafuta ya giaboksi. Pima. Toyota zenye kijiti hupimwa injini ikiwaka, gari likiwa moto, baada ya kupitisha lever kwenye gia zote na kurudi P. Honda hupimwa mara tu baada ya kuzima. Mafuta yakiwa chini, tafuta yanakovujia. Yakiwa sawa, filta huenda imeziba. Soma pia aina ya mafuta: T-IV na WS za Toyota si kitu kimoja, na giaboksi ya mkanda, ile CVT, ina mafuta yake peke yake.

Kuna ka-ka-ka kati ya injini na giaboksi. Nimeambiwa injini imekufa.

Kabla ya kukubali, omba kichunguliwe kisahani kinachounganisha injini na konvata. Kikipasuka, au bolti zake zikilegea, hugonga kama koni-rodi (mkono wa pistoni ndani ya injini) iliyochakaa. Kukagua ni kazi ndogo ukilinganisha na kununua injini.

## Foo wili

Nikiwa kwenye foo wili (magurudumu yote manne yakivuta) na kukata kona, gari linagoma na kupiga vishindo.

Kama ni Hilux yenye lever ya kuchagua, na uko kwenye lami, ndivyo inavyofanya. Kwenye kona magurudumu ya mbele hutembea umbali mrefu kuliko ya nyuma, na mfumo huo hauruhusu tofauti. Kwenye tope inaruhusiwa kwa sababu tairi zinateleza. Ukifika lami, toa.

Kama ni Subaru au RAV4 ya muda wote, uliza kwanza habari za tairi. Tairi mbili mpya na mbili zilizoisha, au saizi mbili tofauti, huchosha kiungo cha katikati mpaka kinajifunga. Na gari la namna hii usiinue gurudumu moja ukatia gia: linaweza kuruka kwenye jeki.

## Mvua, mawe na mambo ya kwetu

Nimetoka barabara ya changarawe, sasa gurudumu linapiga kelele kali kwiii.

Mara nyingi ni jiwe dogo limenasa kati ya diski ya breki na bati lake. Rudi nyuma mita chache, ukikata usukani. Lisipotoka, fungua gurudumu ulisukume bati kidogo kwa bisibisi.

Nilipita kwenye maji ya mafuriko Bwaise. Wiki mbili baadaye difu inanguruma.

Difu inapokuwa moto na kuzama ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani husinyaa na kuvuta. Kipumulio kikiwa kimezibwa na tope, inavuta maji kupitia sili. Fungua oili: ikifanana na chai ya maziwa, imwage leo, suuza kwa oili ya bei nafuu, jaza mpya, usafishe kipumulio. Beringi ikishashika kutu haitibiki. Yeyote aliyevuka maji yaliyofika ekseli na akague siku ile ile, asingoje sauti.

Ninanunua gari la mtumba na halitoi sauti yoyote. Niamini?

Fungua nati ya oili ya difu na giaboksi uchovye kidole. Kuna hila za zamani za kunyamazisha meno kwa unga wa mbao, ndizi au grisi nzito, na huwa zinakaa hadi ukimaliza kulipa. Oili iliyo nzito kama uji, au yenye nyuzi, ni sababu ya kuondoka. Muuzaji akikataa usifungue, umepata jibu pia.

## Dharura

Ni sauti gani nisiendeshe nayo hata kilomita moja?

Kugonga kwa mpigo kunakofuata gurudumu kwenye mwendo mdogo, hasa kama gurudumu lilifunguliwa karibuni: huenda nati zimelegea. Simama, kaza, na ukaze tena baada ya kilomita 50 hivi. Mvumo wa beringi uliogeuka kuwa kusaga huku gurudumu likicheza. Na propela inayogonga chini ya sakafu. Ikikatika upande wa mbele inaweza kujidunga barabarani na kulinyanyua gari. Kwa hizo mbili za mwisho, ita gari la kuvuta. Likiwa otomatiki, au foo wili ya muda wote, mwambie anayevuta mapema, apandishe magurudumu yote manne.